Drili ibaki mkobani kwanza: namna ya kukagua kazi za kila siku kabla ya kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu

Kishikio cha kwanza nilichofunga chooni kilikuwa kizuri sana. Kiputo cha pima maji kilitulia katikati, skrubu zilizama kwenye tofali, plasta haikupasuka hata kidogo. Mzee niliyemfungia alikuwa amepata kiharusi na upande wa kushoto ukapooza. Alikipapasa akasema, "Kizuri, fundi." Nikakunja futi yangu nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nilirudi kumalizia mlango. Kishikio kilikuwa kimetundikwa taulo. Sinki la kunawia, lililokuwa upande wa pili wa choo, lilikuwa limelegea ukutani, linacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kumbe mzee alikuwa akilivuta hilo kila anaponyanyuka. Mimi nilifunga kishikio kushoto kwa sababu ukuta ulikuwa kushoto. Mkono wake mzima ulikuwa wa kulia.

Hakunidanganya. Nilimuuliza kama anahitaji kishikio, akasema ndiyo, na ni kweli alikihitaji. Nilichokosa ni kumwomba akae na kunyanyuka mbele ya macho yangu mara moja tu. Baadaye nilifanya kazi na mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mgonjwa au mwenye ulemavu aweze kufanya shughuli zake za kila siku, aliyekuwa na sharti moja kwa mafundi wake: drili haitoki mkobani mpaka umeitazama kazi ikifanywa mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe, mahali penyewe, saa yenyewe. Nimelishika sharti hilo tangu wakati huo, na ndilo ninalotaka kukuachia hapa, uwe fundi, ndugu wa mgonjwa, au wewe mwenyewe ndiye mwenye ulemavu na umechoka kupangiwa nyumba yako na watu wengine.

Anza na jana

Ukimuuliza mtu "una shida gani?" utapata jibu moja kati ya mawili: jina la ugonjwa, au "sina shida." Yote mawili hayamsaidii fundi. Muulize habari za jana. Jana uliamka saa ngapi? Mguu wa kwanza uliukanyagisha wapi? Halafu? Mwache asimulie, na usikilize pale anaporuka. Akisema "nikaoga, nikatoka," hapo pana kitu. Alioga amesimama au amekaa? Maji aliyafikiaje? Nani alikuwa nje ya mlango akimsubiri?

Mara nyingi ndugu watajibu kwa niaba yake, tena kwa nia njema. Mimi nimejifunza kumpa mmojawapo futi na kumwomba akapime milango yote ya nyumba, na mwingine aandike vipimo. Vipimo vyao siviamini sana, navipima tena mwenyewe, lakini nimepata dakika kumi za kuzungumza na mwenye shughuli.

Kama unaogopa kusahau kitu, zipo orodha za zamani za kazi za kila siku, zilizotungwa na watafiti, ambazo bado zinafaa. Sidney Katz na wenzake walichapisha ya kwao mwaka 1963. Ina mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakatoa nyingine ya mambo 8 ya kuendesha maisha: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Hospitalini utasikia zaidi kipimo cha Barthel cha mwaka 1965, chenye vipengele 10 na jumla ya alama 100. Waliokitunga walieleza wenyewe kwamba hata aliyepata 100 si lazima aweze kuishi peke yake, kwa sababu kupika na kutunza nyumba havimo. Nazichukua orodha hizi kama mtu anavyochukua karatasi ya kwenda nayo sokoni. Alama inaeleza mtu anaweza nini. Haielezi anakwama wapi ndani ya nyumba yake, na fundi anaitwa kwa ajili ya hilo "wapi".

Katika daftari, mbele ya kila kazi, naandika moja kati ya haya: *anafanya*, *anafanya kwa tabu*, *anashikwa mkono*, *ameacha*. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Mtu aliyeacha kuoga kila siku, au aliyeacha kunywa maji kuanzia jioni, hatakuambia ni kwa sababu ya bafu au choo. Atakuambia siku hizi hasikii joto, au hana kiu. Muulize aliacha lini, na mwezi huo kulitokea nini. Mara nyingi kulitokea kuanguka.

Soma kuta kabla ya kuzipima

Hili halimo kwenye orodha yoyote niliyoiona, nalo ni la kifundi kabisa. Mtu anayepungukiwa na nguvu huifanya nyumba nzima kuwa kishikio, na nyumba huweka alama. Tazama ukanda wa weusi ukutani kwenye usawa wa kiganja. Tazama fremu ya mlango ambayo rangi yake imeng'aa upande mmoja tu. Fimbo ya taulo iliyopinda, bomba la maji lililolegea, mgongo wa kiti uliosugulika, pazia lililong'oka ndoano mbili za mwisho. Kila alama ni mahali ambapo mwili uliomba msaada ukapewa na kitu kisichojengwa kwa kazi hiyo. Ukifuata weusi huo kutoka kitandani hadi chooni umepata ramani ya safari yake, na mara nyingi hata urefu wa kishikio umeshaandikwa ukutani. Waombe wenye nyumba wasisafishe wala kupaka rangi kabla hujafika. Watashangaa, lakini waombe.

Safari moja ya usiku, hatua kwa hatua

Chagua kazi mbili au tatu, usichague kumi. Chagua zile zenye hatari na zile ambazo mwenyewe anazililia, hata kama wewe huoni uzito wake. Kisha tazama. Kaa kando, usimsaidie, usimkimbize, na simama mahali ambapo akiyumba unaweza kumfikia.

Bibi mmoja mwenye baridi yabisi ya magoti, anayetembea kwa fremu ya chuma ya kujishikilia, alikuwa ameanguka mara mbili akienda chooni. Mchana alinionyesha safari hiyo bila tatizo lolote. Nikaomba nirudi saa tatu usiku, taa zizimwe kama anavyolala.

Kitu cha kwanza kilikuwa godoro. Nilikuwa nimepima kitanda mchana, urefu wake ulikuwa mzuri. Alipokaa ukingoni godoro likazama, magoti yakawa juu kuliko nyonga, na kutoka hapo hakuna mwenye magoti mabovu anayenyanyuka bila kujirusha. (Pima kitanda na kiti chochote mtu akiwa amekalia. Nyayo zote zikanyage sakafu, nyonga ziwe sawa na magoti au juu kidogo.) Alijirusha mara ya kwanza, akarudi chini. Mara ya pili akasimama.

Swichi ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo hatua zote za mwanzo ni za gizani. Fremu ikagusa ukingo wa zulia, akainyanyua, akaruka ukingo kwa mazoea. Nikaandika. Mlango wa choo ulifunguka kwa ndani: ilimbidi ausukume, aingize fremu, kisha arudi nyuma na fremu yake ili auzungushe mlango upite. Kurudi nyuma na kugeuka ni hatua mbili mbaya kuliko zote kwa mtu wa fremu, na hapa zilikuja pamoja, katika nafasi ya upana wa mkeka. Alipofika kwenye choo aliiacha fremu, kwa sababu kupandisha nguo kunahitaji mikono miwili. Aliegemeza paji la uso ukutani. Paji la uso! Hakuna maswali ambayo yangenipa jibu hilo, na mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo.

Kukaa kulikuwa sawa. Kunyanyuka kulikuwa kwa tabu kidogo. Kunawa kulikuwa sawa. Kurudi kitandani kulikuwa sawa, isipokuwa lile zulia tena.

Hesabu basi. Safari yenye hatua kumi na kitu, na anakwama katika nne. Zulia tuliliondoa usiku uleule. Taa ya betri inayowaka yenyewe mtu akipita iliwekwa chini karibu na kitanda. Chini ya godoro liliingizwa ubao ili lisizame. Bawaba zilihamishwa mlango ufungukie nje, jambo ninalolifanya karibu kila choo, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake ndio unaozuia mlango na waokoaji wanabaki nje wakisukuma. Kishikio kilikuja mwisho, kimoja, cha wima, pale paji la uso lilipokuwa linaegemea, ili akiegemeza bega mkono mmoja ushike na mwingine ushughulike na nguo. Angeniambia tu "nifungie vishikio chooni" ningefunga viwili pembeni ya kiti, vya mlalo, vizuri kabisa, na angeendelea kuanguka kwenye zulia.

Sasa vipimo

Ukishajua hatua inayokwama, ndipo futi itoke. Mpime mtu kabla ya nyumba: kutoka kisigino hadi nyuma ya goti akiwa amekaa, upana wa kitimwendo chake pamoja na mikono inayosukuma magurudumu, mkono wake mzuri unafika wapi akiwa amekaa bila kuinama. Choo cha kukaa kwa kawaida hufaa kikiwa na sentimita 43 hadi 48 hadi juu ya kiti, lakini mtu mfupi ukimweka kwenye 48 miguu itaning'inia naye atateleza mbele. Kipimo cha goti lake ndicho mwamuzi.

Mlango upimwe ukiwa umefunguliwa, kutoka uso wa mlango hadi kwenye fremu ya upande wa pili. Nafasi hiyo wazi isipungue sentimita 80, na zikizidi ni heri. Mlango wenye ubao wa sentimita 80 hautoi 80, kwani unene wa ubao na fremu hula sehemu. Kabla ya kubomoa ukuta jaribu bawaba zinazousogeza mlango nje kabisa ya uwazi. Zinakurudishia karibu unene wote wa ubao, na hizo sentimita nne mara nyingi ndizo zilizokuwa zinamchubua mtu vidole. Kugeuza kitimwendo kunahitaji duara lenye kipenyo cha sentimita 150. Chora duara hilo kwa chaki sakafuni, chooni na jikoni, mwenye nyumba aone mwenyewe kabati gani limesimama ndani yake. Mabishano huisha haraka.

Mteremko ndio unaonigombanisha na watu. "Weka tu kimteremko pale mlangoni." Kanuni inayotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko ni mita 5 na sentimita 40, bila kuhesabu uwanda wa kugeukia juu na chini. Ukiufupisha kwa nusu umejenga kitu cha kumwangusha mtu chali pamoja na anayemsukuma. Nafasi isipotosha, upindishe mteremko au tafuta mlango mwingine wa kuingilia. Kwa mtu anayetembea kwa magongo, ngazi fupi fupi zenye reli pande zote mbili huwa bora kuliko mteremko, kwa sababu kifundo cha mguu chenye udhaifu hakipendi kukanyaga mahali palipoinama. Mwone akipanda kwanza.

Kishikio kiwe cha unene unaojaa kiganja, milimita 32 hadi 38 hivi, na kiachane na ukuta kwa milimita 38 au karibu na hapo. Nafasi ikizidi sana mkono unaweza kuchomoka na kupenya nyuma ya bomba mtu anapoanguka, na mfupa ukavunjika. Viwango vya Marekani vinataka kishikio kihimili angalau kilo 113. Mimi nikimaliza naning'inia kwa uzito wangu wote mbele ya mwenye nyumba. Kama ukuta ni wa bodi nyembamba, skrubu zifuate mbao za ndani au uweke ubao wa nyuma. Vinginevyo usifunge kabisa. Kishikio kinachong'oka ni kibaya kuliko kutokuwa na kishikio, maana mtu amekiamini.

Jikoni, na wale ambao tatizo lao si miguu

Jikoni tazama kazi moja inayohusisha kitu cha moto. Usitazame wanavyopika tu, tazama wanavyohamisha. Kijana mmoja wa kitimwendo alikuwa anapika vizuri, ila kutoka jiko hadi sinki alibeba sufuria ya maji yanayochemka mapajani, juu ya kitambaa. Miguu yake haikuwa na hisia. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 tu, na asiyehisi hatajua mpaka aone malengelenge. Tulichofanya ni kujaza pengo kati ya jiko na sinki kwa meza ya usawa mmoja, sufuria iburuzwe badala ya kubebwa, na chini yake tukaacha wazi kama sentimita 70 magoti yaingie. Mabomba ya maji ya moto chini ya sinki tukayazungushia sponji, kwa sababu hiyohiyo ya hisia. Vitu vya kila siku vikashushwa au kupandishwa vikae kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni. Vya sikukuu vikae popote.

Kwa mwenye uoni hafifu, futi haina kazi sana. Mwangalie akimimina maji. Kama kikombe ni cheupe na meza ni nyeupe, atamimina mezani; weka trei nyeusi chini yake. Ukingo wa kila ngazi upate utepe wa rangi inayogombana na ngazi. Taa iangaze kazi, isiangaze macho. Na kitu ukishakikuta mahali pake kiache hapohapo, hata kama kwako ni fujo.

Kwa aliyepoteza kumbukumbu, hatua inayokwama huwa ni ile ya kuanza. Anasimama sebuleni, haja imembana, na milango yote minne inafanana. Acha mlango wa choo wazi, choo kionekane kutoka kitandani. Ondoa mlango wa kabati la vikombe. Kitu kisichoonekana kwake hakipo.

Mpangilio wa kurekebisha

Ninaondoa kwanza. Zulia, meza ya katikati, kizingiti. Kisha nahamisha: kitanda kwenda upande anaoshukia kwa mguu mzuri, dawa kwenda karibu na maji. Kisha nabadilisha namna ya kufanya, na hapa mtaalamu wa tiba kazi anajua kuliko mimi. Kuvaa umekaa, kwa mfano, kuanzia mkono uliopooza, kumeokoa watu wengi kuliko vishikio vyangu. Halafu kifaa: stuli ya kuogea, kiti chenye tundu juu ya choo cha kuchuchumaa, bomba lenye mkono mrefu linaloweza kufunguliwa kwa kiwiko. Kubomoa ni mwisho. Nakiri kwamba mpangilio huu haunitajirishi.

Usimwondolee mtu kazi anayoiweza. Kama bado anapanda ngazi mbili za nyuma kwa reli na kwa raha zake, ziache. Na kama kuna mtu anayemhudumia, mtazame na yeye: anainama wapi, anavuta mwili kutoka upande gani, kitanda kimebanwa ukutani kiasi kwamba anainyoosha shuka kwa kupiga magoti? Mgongo wa mhudumu ukivunjika, marekebisho yote yamekwisha.

Wakibishana, mwenye mwili ndiye mwenye neno. Watoto wanaotaka kumhamishia baba kitanda sebuleni "iwe rahisi" wana hoja, lakini huwa nawaambia kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, una kifungu cha 19 chenye habari ya mtu kujichagulia pa kuishi na wa kuishi naye. Kisha namuuliza baba. Mmoja alinijibu, "Fundi, mimi nataka mlango unaofungika." Tukampanulia mlango wa chumba chake, na kitasa tukakishusha.

Rudi baada ya wiki mbili, halafu baada ya miezi mitatu. Ugonjwa unaosonga, kama ule wa misuli au wa kumbukumbu, uandikiwe tarehe ya kurudi kabla hujaondoka. Ukifika, ning'inia tena kwenye vishikio, kaza skrubu zilizolegea, tafuta weusi mpya ukutani, kisha kaa chini umuulize habari za jana.